Dau la kitita kizima kwenye riva: ulipe au utupe?

SWALI: "Habari za kazi, mwalimu. Nacheza poka ya Texas Hold'em kasino, meza ya madau ya lazima ya 1,000 na 2,000, kama mara mbili kwa mwezi. Wiki mbili zilizopita nilikaa na laki mbili. Nikapata ree ya kopa na malkia wa uru, nikapandisha hadi 6,000. Akalipa jamaa aliyekuwa kwenye batani, kiti cha anayeamua mwisho, wengine wote wakatupa. Flopu, karata tatu za kwanza za mezani, ikaja malkia wa shupaza, nane ya shupaza, tatu ya uru. Nikaweka 10,000, akalipa. Karata ya nne mbili ya pau. Nikaweka 25,000, akalipa. Riva, karata ya tano na ya mwisho, ikawa saba ya kopa. Nikapita bila kuweka dau, naye akasukuma 85,000, yaani sawa na kitita chote kilichokuwa katikati ya meza. Nikakaa pale jasho linanitoka, mwisho nikatupa. Akafunua jeki na kumi za shupaza, hana kitu, meza nzima ikacheka. Jumamosi iliyofuata mtu mwingine akanifanyia hivyohivyo. Nikasema sidanganywi mara mbili, nikalipa. Alikuwa na karata tatu za nane. Sasa nitajuaje mtu anapiga mkwara au anayo kweli? Yule wa kwanza mikono ilikuwa imetulia kabisa, wa pili ilikuwa inatetemeka, nikadhani ni woga. Halafu mtu ukishaweka 41,000 yako humo ndani, si bora umalizie tu?"

JIBU: Ndugu yangu, ulitupa ukachekwa, kisha ukalipa ukalia, na sasa unaona umekosea mara mbili. Mimi nikisoma ulichoandika naona kitu kingine. Kutupa kwako siku ya kwanza ulikuwa uamuzi wa karibu sana, wa kuweza kwenda huku au kule. Kulipa kwako siku ya pili kulikuwa na kasoro, lakini kasoro hiyo haikuwa zile nane tatu. Nitaifikia.

Kwanza tuliweke pembeni hilo neno "kujua". Kwenye riva hakuna anayejua, hata wale wanaokula mkate wao kwa poka. Wanachofanya ni kujiuliza maswali mawili, tena kwa mpangilio huu: kwa bei hii, nahitaji kuwa sahihi mara ngapi katika mia? Na mtu huyu, kwa alivyocheza tangu mwanzo wa mkono (mzunguko huo wa karata), anaweza kuwa hana kitu mara nyingi kiasi hicho? Wewe ulianza na la pili bila kulijibu la kwanza, ndiyo maana jasho lilikutoka. Kupima bila kujua unapima nini lazima kuchoshe.

Bei ni hesabu ya darasa la sita. Kitita kilikuwa 85,000, naye akaongeza 85,000. Ukilipa unaongeza 85,000 yako, jumla inakuwa 255,000. Gawanya unacholipa kwa jumla hiyo: 85,000 kwa 255,000 ni theluthi moja, asilimia 33.3. Maana yake, ukilipa dau kama hilo mara tatu, ukapigwa mara mbili na kushinda mara moja tu, umerudi palepale ulipoanza: umetoa 85,000 mara mbili na umepokea 170,000 mara moja. Watu wengi hugawanya 85,000 kwa 170,000, wanapata nusu, wanasema "siwezi kuwa na uhakika wa nusu", wanatupa. Wamesahau kuhesabu fedha yao wenyewe, ambayo wakishinda inarudi nao nyumbani.

Kariri bei chache ili mezani usihangaike na mgawanyo. Akiweka theluthi ya kitita, unahitaji asilimia 20. Nusu ya kitita, 25. Theluthi mbili, karibu 29. Kitita kizima, 33. Kitita na nusu, 37.5. Vitita viwili, 40. Angalia namba hizo zinavyopanda taratibu: hata mtu akisukuma dau la kutisha mara mbili ya kilichopo, bado hakudai uwe sahihi nusu ya safari. Ukubwa wa dau unatisha macho kuliko unavyobadilisha hesabu.

Sasa zile 41,000 zako. Si zako tena. Zilitoka mkononi mwako zilipovuka mstari, na zimeshaingia ndani ya ile 85,000 ya kitita, yaani umeshazihesabu kama sehemu ya zawadi. Ukizihesabu tena kama deni la kumalizia, umezihesabu mara mbili. Mtu aliyeweka 41,000 na mtu aliyeweka sifuri, wakikabiliwa na bei hiyohiyo na karata zilezile, jibu lao ni moja.

Tuje kwenye swali la pili, lenye nyama. Jozi yako ya malkia yenye ree pembeni ni karata nzuri, lakini riva uzuri wa karata haupimwi kwa kuitazama yenyewe. Unapimwa dhidi ya kile anachoweza kuwa nacho mtu aliyelipa kabla ya flopu, akalipa 10,000, akalipa 25,000, kisha akasukuma kitita kizima. Kwa hiyo tunahesabu namna, yaani ni kwa njia ngapi karata mbili fulani zinaweza kuwa mkononi mwake ukitoa zile unazoziona.

Anza na zinazokupiga. Jozi ya ree, ya wafalme au ya malkia wengi wangepandisha tena kabla ya flopu, kwa hiyo ziweke kando. Jozi ya saba isingevumilia madau mawili hayo kwa urahisi, wala ya mbili lile la flopu, nazo kando. Zinabaki hizi. Nane mbili: nane moja iko mezani, zimebaki tatu, na tatu hizo zinaunda jozi kwa namna tatu. Jozi ya tatu vilevile, namna tatu. Malkia na nane za aina moja: malkia wa shupaza yuko mezani, wa uru unaye wewe, wamebaki wa kopa na wa pau, namna mbili. Malkia na saba: wa pau peke yake, kwa kuwa saba ya kopa iko mezani, namna moja. Nane na saba za uru au za pau, ambazo riva imezifanya jozi mbili, namna mbili. Jumla ni 11. Nimehesabu za aina moja tu kwa sababu malkia na nane za aina tofauti watu wengi huzitupa mapema. Kama mezani kwako hawazitupi, idadi inapanda na jibu linasogea upande wa kutupa.

Sasa zilizokosa. Angalia meza tena: malkia, nane, tatu, mbili, saba, shupaza mbili tu. Hakuna mstari wa karata tano zinazofuatana unaowezekana, na flashi (karata tano za aina moja) haikuja. Kwa hiyo kila aliyekuwa anasubiri shupaza amebaki na hewa. Za shupaza ambazo mtu wa kawaida angefika nazo hapa ni ree na jeki, ree na kumi, ree na tisa, ree na tano, ree na nne. Mfalme na jeki, mfalme na kumi. Jeki na kumi, jeki na tisa, kumi na tisa. Sita na tano, tano na nne. Ni namna 12.

Kumi na mbili dhidi ya kumi na moja. Ukiishia hapo utasema, "Zaidi ya nusu hana kitu, nalipa!" Hapa ndipo wengi wanapoanguka baada ya kujifunza kuhesabu. Idadi ya karata zilizokosa si idadi ya mikwara. Mtu aliyekosa ana uhuru wa kupita na kukubali yameisha, na wengi hufanya hivyo hasa wenye ree, kwani hujipa moyo kwamba huenda ree peke yake ikatosha.

Kwa hiyo jaribu makadirio matatu. Kama jamaa hupiga mkwara kila anapokosa, ni 12 katika 23, asilimia 52. Kulipa kunakupa wastani wa faida ya shilingi 48,000 hivi kwa kila mara. Kama hupiga nusu ya mara anazokosa, ni 6 katika 17, asilimia 35, na faida yako ni shilingi 5,000 kamili, pembamba kama uzi. Kama hupiga robo tu, ni 3 katika 14, asilimia 21, na kila ukilipa unachoma wastani wa shilingi 30,000. Karata zako hazikubadilika hata kidogo katika hesabu zote tatu. Kilichobadilika ni tabia ya mtu.

Na aina za karata zako nazo zina neno. Ulikuwa na ree ya kopa. Laiti ingekuwa ree ya shupaza, zile namna tano zinazoanzia na ree zingefutika, kwa sababu ree hiyo haiwezi kuwa mikononi mwa watu wawili. Zilizokosa zingebaki 7, na kwa mtu wa kupiga mkwara nusu ya mara, hesabu inashuka hadi 3.5 katika 14.5, asilimia 24. Jozi ileile ya malkia, ree ileile pembeni, lakini sasa ni ya kutupa. Mchezaji asiyejua hili hufikiri kinyume: "Nina ree ya shupaza, basi yeye hana flashi kubwa, nalipa." Hoja hiyo ina maana pale flashi imekuja. Isipokuja, ree hiyo mkononi mwako inafukuza mikwara yenyewe uliyokuwa unaiwinda.

Hukumu yangu kuhusu siku ya kwanza ni hii: kwa mtu usiyemjua, kwenye meza ndogo ya kasino ambako watu wengi wamekuja kucheza na si kutishana, dau la kitita kizima kwenye riva kutoka kwa mtu aliyekuwa analipa tu huwa zito kuliko nadharia inavyotaka. Mimi ningemkadiria kati ya robo na theluthi ya karata alizokosa, na ningetupa bila kujilaumu. Nadharia ya usawa, yaani ya kucheza bila kumwachia mpinzani mwanya, ingekulipisha, maana ree na malkia ni miongoni mwa karata zako bora kabisa ukishapita riva, na ukitupa hata hizo basi unatupa karibu kila kitu. Kanuni yake inasema ugawanye kitita kwa kitita jumlisha dau: dhidi ya dau la kitita kizima ni nusu, yaani ukitupa zaidi ya nusu ya karata unazofika nazo pale, mpinzani anaweza kukusukuma na karata yoyote akapata faida. Kanuni hiyo ni kinga dhidi ya mtu anayekusoma na kukuwinda. Dhidi ya mtu asiyewinda, kujikinga ni gharama tu.

Lakini jamaa alifunua! Aliifunua jeki na kumi ya shupaza mbele yako, bure. Hiyo ni taarifa ambayo watu hulipa 85,000 kuipata. Sasa unajua kwamba mtu huyu, akikosa, ana uwezo wa kusukuma kitita kizima. Mara nyingine ukikutana naye katika hali kama ile, yale makadirio ya robo yanapanda, na unalipa. Yeye tu.

Na hapa ndipo ilipo kasoro ya siku ya pili. Taarifa ya mtu wa kwanza uliichukua ukaenda kuitumia kwa mtu mwingine kabisa. Huyo wa pili hakuwa amekudanganya. Hujataja aliwahi kufunua nini, alikuwa analipa mara ngapi, anapandisha mara ngapi. Ulilipa dau lake ili kumjibu jamaa ambaye hata hakuwepo.

Kuhusu kuchekwa, mwaka 2003 kwenye fainali ya World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka, huko Las Vegas, walibaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu aliyeingia kwa mchujo wa mtandaoni, na Sam Farha, mzoefu wa meza kubwa. Meza ilikuwa tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza, nane ya shupaza na tatu ya kopa. Farha alikuwa na malkia wa shupaza na tisa ya kopa, jozi ya juu ya mezani. Moneymaker, mwenye mfalme wa shupaza na saba ya kopa, alikuwa amekosa flashi na amekosa mstari. Akasukuma chipu zake zote (vidude vinavyosimama badala ya fedha). Farha akafikiri sana, akatupa, na Moneymaker baadaye akaondoka na dola milioni 2.5. Kutupa karata inayoshinda hutokea kwa kila anayecheza sawasawa. Asiyewahi kutupa karata ya ushindi ni yule anayelipa kila kitu, na huyo hamalizi mwaka na chipu.

Mikono kutetemeka. Umeisoma kinyume, na si wewe tu. Mtu anayepiga mkwara kwa kawaida hujibana: anakaa kimya, anapunguza hata kupumua, hataki chochote kimfichue. Mtetemeko wa ghafla mara baada ya kuweka dau, kwa mtu ambaye mikono yake ilikuwa imetulia saa nzima, mara nyingi ni msisimko wa aliyepata karata nzito. Neno muhimu hapo ni "ghafla". Wapo wanaotetemeka tangu wanakaa, kwa kahawa, kwa umri au kwa baridi ya kiyoyozi, na kwao dalili hiyo haina maana. Ishara za mwili zitumie tu pale hesabu imekuacha katikati, kama ile 35 dhidi ya 33. Zisikutoe kwenye 21 kukupeleka kulipa.

Chenye uzito kuliko macho na mikono ni hadithi ya madau yake. Rudi nyuma hatua kwa hatua ujiulize kama karata anayodai kuwa nayo ingechezwa hivyo. Mwenye nane tatu kwenye flopu yenye shupaza mbili, je, angelipa tu mara mbili bila kupandisha? Wengine ndiyo, wengi kwenye meza ndogo hupandisha karata ya nne kwa kuogopa flashi. Kwa hiyo kulipa kwake mara mbili kunapunguza kidogo zile namna sita za karata tatu zinazofanana. Kwa upande mwingine, mtu ambaye usiku kucha amekuwa akipita na kulipa, hajaweka dau lake mwenyewe hata mara tatu, akiamka riva na kusukuma kitita kizima, mwachie. Na akikupandishia juu ya dau lako kwenye riva, mwachie kwa haraka zaidi: kwenye meza za kiwango chako, kupandisha riva huku mtu hana kitu ni nadra mno, na jozi moja hapo haitoshi.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja. Badala ya kupita riva, ungeweza kuweka wewe dau dogo, tuseme 30,000 kwenye 85,000. Mfalme na malkia, malkia na jeki, hata nane yenye ree pembeni, wangelipa kwa kunung'unika. Aliyekosa angetupa. Anayepandisha juu yake unamtupia bila kukosa usingizi. Ubaya wake ni kwamba unamnyima mpiga mkwara nafasi ya kukupa 85,000. Kwa hiyo weka dau dogo kwa mwenye kulipalipa, na pita kwa mwenye kusukumasukuma.

Tukiwa bado kwenye mkono huo, ugeuze uone upande wake, maana dau kubwa haliji riva tu. Karata ya nne alikuwa na jeki na kumi za shupaza. Shupaza 9 zilizobaki zinampa flashi, na tisa 3 zisizo za shupaza zinamkamilishia mstari wa nane hadi malkia. Karata 12 kati ya 46 asizoziona ni asilimia 26. Ulimtoza 25,000 kwenye kitita cha 35,000, bei ya asilimia 29. Alipungukiwa kidogo, lakini akipata na akaweza kukukamua 11,000 tu zaidi riva, amefidia. Alilipa sawa. Mwenye ree na tisa za shupaza, mwenye karata 9 tu, ana asilimia chini ya 20. Angehitaji kukukamua 43,000 hivi zaidi kila anapopata, na hiyo ni kazi ngumu flashi ikishakaa wazi mezani. Ukiwa wewe ndiye unayesubiri flashi mbele ya dau kubwa, fanya hesabu hiyo kabla ya kusema "labda itakuja": karata zinazokusaidia mara mbili ni takriban asilimia yako kwa karata moja ijayo, na mara nne kama umeingiza chipu zote kwenye flopu na utaona zote mbili bila kulipa tena.

Yote haya ni ya meza ya fedha taslimu. Kwenye mashindano bei ya kulipa inapanda, kwa sababu chipu unazopoteza zina thamani kuliko unazopata: ukizipoteza zote umetoka, ukizipata mara mbili hupati zawadi mara mbili. Watu watatu kabla ya zawadi kuanza kutolewa, dau linalohitaji asilimia 33 kwa hesabu ya kawaida linaweza kuhitaji zaidi ya 40, na mwenye chipu nyingi anayekusukuma anajua hivyo.

Mambo machache ya mezani yanayowagharimu watu. Kabla ya kuamua, mwombe mgawaji akuhesabie dau, usikadirie rundo kwa macho. Chipu kubwa mbili hujificha chini ya ndogo. Chukua muda wako, lakini usiseme neno. Ukitamka "nalipa" umelipa, hata kama hujagusa chipu. Kwenye kasino nyingi ukirusha chipu moja mbele bila kusema kitu pia umelipa. Weka chipu juu ya karata zako mgawaji asije akazikusanya kimakosa. Na ukishalipa riva, tulia: aliyeweka dau ndiye anayefungua kwanza. Akisema "umeshinda" huku karata zake zimelala, shikilia zako mpaka kitita kisukumwe kwako. Wapo waliotupa karata za ushindi kwa kusikia maneno, na karata ikishaingia kwenye takataka, rundo la zilizotupwa, haifufuki.

Kuhusu mazoezi, chukua daftari. Kila mkono uliokutoa jasho uandike usiku huohuo: karata zako na aina zake, meza, kila dau kwa shilingi, ulichoamua. Kesho yake, kichwa kikiwa kimepoa, hesabu namna kama tulivyofanya hapa. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa, na baada ya mikono 20 hivi utaanza kuona 11 na 12 ukiwa bado umekaa mezani. Ukimpata mtu anayecheza vizuri kuliko wewe, kaa naye ana kwa ana upitie kurasa tatu nne. Atakuonyesha kwa dakika kumi kile ambacho mimi siwezi kukiona kwenye maandishi, hasa jinsi unavyokadiria watu.

Na kuna swali moja linalotangulia hesabu zote: zile laki mbili zilikuwa fedha za nini? Hesabu ya asilimia 35 dhidi ya 33 ina maana kwa mtu anayeweza kupoteza mara kumi mfululizo akarudi tena, kwani mwanya mdogo kama huo unaonekana baada ya mamia ya mikono. Wanaocheza kwa utulivu hutenga angalau mitaji 20 ya meza, kwa meza yako ni shilingi milioni 4, zisizogusa kodi wala ada ya shule. Kama huna hizo, meza hiyo ni kubwa kwako, na hofu uliyoihisi riva ilikuwa inakwambia kweli.

Sentensi yako "sidanganywi mara mbili" nimeisoma zaidi ya mara moja. Ikiwa ni hasira ya usiku mmoja, dawa yake ni kunyanyuka, kunywa maji na kuondoka mapema. Lakini kama umeanza kurudi kasino ili kurudisha zilizopotea, kukopa kwenye simu kabla ya kwenda, kumficha mwenzako nyumbani au kukosa usingizi ukiwaza mikono iliyopita, usitafute jibu kwenye hesabu za poka. Uraibu wa kamari umo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani na unatibika. Nenda ukaonane na mshauri nasaha au kliniki ya afya ya akili. Muhimbili kwa walio Dar es Salaam, Mathari kwa walio Nairobi, au hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe. Unaweza pia kuwaomba kasino wenyewe, kwa maandishi, wasikuruhusu kuingia kwa muda utakaoutaja. Nenda na mtu unayemwamini siku ya kwanza, na daftari lako la mikono liache nyumbani.